Tundu Lililokataa Kukutana Katikati

Karakana ya umma niliyofanyia kazi Njombe ilipobinafsishwa, aliyeinunua alikuwa ofisa wetu wa zamani wa utumishi, mtu ambaye hakuwahi kushika hata tupa. Siku ya kwanza alitukusanya mafundi tuliobaki akatueleza kwamba soko huria halimsubiri mtu. Ya pili alishinda akichagua kapeti ya ofisi.

Mimi niliendesha mashine ya kuchonga chuma. Mteja wetu wa kwanza wa maana alitoka Makambako: mzee mmoja mfanyabiashara wa Kiislamu, mpole, mwenye mashine ya kusaga mahindi. Kishikio cha beringi kilikuwa kimepasuka, akataka kipya.

Kazi ilikuwa na nyuso nne za kuchonga na tundu moja refu la kupitisha shafti. Keekee yetu ilikuwa fupi, hivyo ilibidi nitoboe nusu kutoka mbele na nusu kutoka nyuma. Kanuni yake ni nyepesi: chagua kona moja, itie alama, na kila ukigeuza chuma, pima kutoka kona ileile.

Nilipomaliza mbele, mwenye karakana akaingia na wageni wawili wa wilayani. Aliwaeleza kazi yangu kwa maneno ya semina, kisha akaniomba nigeuze upesi maana chai yao ilikuwa inapoa. Nilipaswa kusema wasubiri. Badala yake kichwa kilinivimba. Niligeuza chuma, nikapima kutoka kushoto kama mwanzo, nikasahau kwamba kushoto kwa mwanzo sasa kulikuwa kulia. Nikatoboa kwa madaha. Wageni wakapiga makofi.

Walipoondoka, nilipitisha shafti ikagota katikati. Nikachungulia, nikaona mwanga mwembamba kama ukucha.

Nilimweleza mwenye karakana, tajiri wangu. Alifikiri kidogo, akaagiza nipake rangi ya kijivu na kujaza tundu grisi. Nikatii, na hilo ndilo linaloniumiza hadi leo.

Mteja alikuja na shafti yake imefungwa kwenye gunia. Alifuta grisi taratibu kwa kitambaa, akasukuma shafti, ikakwama.

"Fundi, shafti yangu ikate kona humu ndani?"

Tajiri akadakia kwamba huo ndio muundo wa kisasa. Mzee hakumgeukia.

"Nimemuuliza fundi."

"Nimekosea kupima, mzee," nikasema. "Nilipogeuza, nilianzia upande usio wake. Na rangi nimeipaka kuficha."

Alinitazama, akasema atarudi Alhamisi. Nilichonga kingine, mlango nimeufunga kwa komeo, na kila nilipokigeuza nilishika ile kona kwa kidole gumba kabla ya kupima. Alhamisi shafti ilipita kama maji.

Baada ya hapo wenye mashine za kusaga walianza kuja kutoka Makambako, mmoja mmoja, na kila mmoja alimpita tajiri mlangoni akiuliza fundi yuko wapi. Mwezi haukuisha, likabandikwa tangazo lililopigwa chapa: ni marufuku wateja kuzungumza na mafundi.