Kiti cha Leta

Kwetu Kingi, mashariki mwa Kongo, serikali tunaiita Leta, na mimi nimeifanyia Leta kazi ya sheria tangu nilipomaliza chuo: kwanza kwa waendesha mashtaka wa Walikale, kisha Goma, sasa ofisi kubwa ambako waziri hatii sahihi mpaka nisome. Kazi yenyewe ni kusoma, kusoma tena, na kumwambia mkubwa kwa adabu kwamba amekosea. Hilo la adabu bado linanishinda.

Kesi iliyonitesa kuliko zote haikufika mahakamani. Baba alipokufa, ndugu zake walitaka shamba la mama, lile la maharagwe na mihogo nyuma ya nyumba. Wakaitisha kikao cha ukoo. Wanaume walikaa kwenye viti. Mama, shangazi na sisi mabinti, kwenye mkeka, tukichambua maharagwe. Binti hasemi katika kikao hicho. Mvumilivu hula mbivu, lakini baba mdogo alipomwambia mama atafute pa kwenda kabla ya mvua, nilisimama.

"Ikala chini, mutoto yangu," akasema baba mdogo. "Mutoto mwanamuke hana neno hapa."

"Sawa, Papa. Mutoto yenu ameshaenda. Sasa iko Leta njo itasema."

Nikatoka, nikavaa koti langu la kazi, nikapiga hodi mlangoni. Kwetu mtu wa serikali haachwi amesimama. Baba mdogo mwenyewe aliinuka, akanipa kiti chake. Nikakaa, nikawaeleza: mjane hafukuzwi, na atakayejaribu atajibu mbele ya hakimu. Mama akabaki na shamba lake, na njia nzima ya kurudi Goma nilicheka peke yangu.

Noeli iliyofuata nilienda nyumbani. Wanawake walikuwa kwenye mkeka na maharagwe yao, wakimteta mke wa mchungaji, na mama anacheka mpaka machozi. Nikavua viatu ili nikae kati yao. Kicheko kikakatika. Shangazi akainuka, akafuta kiti kwa kitenge chake, akakileta.

"Hapana, shangazi, miye nitaikala na nyie hapa chini."

"Leta haiikalake chini, Mama," akanijibu kwa heshima, kama anayesema na mkubwa.

Niliumia. Nikamtazama mama, nikingoja aniite kando yake. Akavuta ungo wake pembeni, ili kiti kipate nafasi.