Mahali pa Kumsalimia Mkwe

Siku moja ambayo haijanitoka kumbukumbuni, mwanangu, ni ile ya ukungu kule Sachangwan, nyanya yangu mzaa mama aliponitaka nimtembeze ndani ya nyumba iliyokuwa bado haijajengwa.

Nilikuwa mwanafunzi wa usanifu majengo, nimerudi likizo, na michoro yangu nimeikunja vizuri isipate unyevu wa huko nyanda za juu. Nyanya alikuwa mjane, akiishi peke yake kando ya barabara kuu iendayo Molo. Macho yake yalikuwa yanafifia. Msimu uliotangulia alikanyaga mekoni akidhani moto umezima, na jeraha likachukua muda mrefu kupona. Mama yangu, binti yake wa pekee, alikuwa Nakuru, na kila simu ilipolia moyo wake ulishtuka. Baba alikuwa amepata ploti Kiamunyi, pembezoni mwa Nakuru, enzi ambazo mahindi huko yalikuwa mengi kuliko mabati, akanuia kujenga nyumba ambamo nyanya angehamia kabla giza halijamfunika kabisa.

Kizuizi kilikuwa kimoja, nacho hakikuwa ardhi wala mawe. Kwa mila ya ukoo wetu, watu waliotoka magharibi wakaifuata reli, mume wa binti na mama mkwe wake hawalali chini ya paa moja, hawapeani mikono, wala hawakutani uso kwa uso pasipo shughuli rasmi. Si chuki, mwanangu. Ni heshima iliyokua hadi ikawa umbali. Baba alipompeleka mama kwao aliishia langoni, akakohoa, kisha akatoa salamu zake huku akimtazama ng'ombe, kana kwamba ng'ombe yule ndiye aliyemzalia mke.

"Wewe ndiwe msomi wa nyumba," baba aliniambia. "Tafuta njia mzee akuje akae na sisi. Mimi sina neno."

Nami nilikuwa na njia tayari. Chuoni tulikuwa tumefundishwa kutenganisha maeneo ya pamoja na maeneo ya faragha, na mimi, kwa bidii ya mwanafunzi anayependa kalamu zake, niliyapaka ya pamoja rangi ya manjano na ya faragha rangi ya samawati. Chumba cha nyanya kilikuwa samawati safi, chenye ukuta mnene na dirisha la kupokea jua la asubuhi. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, walisema wahenga. Mimi nilidhani nimekwisha kuifungua yote kwa penseli.

Nyanya alipitisha vidole vyake juu ya karatasi, polepole, kama mtu anayepapasa kitambaa dukani.

"Hii ni baridi tu," akasema. "Mimi sioni kitu hapa. Leta majivu."

Nilileta majivu ya mekoni kwa karai, nikaichora nyumba nzima kwenye uwanja wa mbele, kwa ukubwa wake halisi, nikiacha mapengo mahali pa milango. Nyanya akaingia na mkongojo wake. Alikataa katakata kuruka mstari; ilimbidi apite mlangoni.

"Hapa ni wapi?"

"Chumbani kwako, nyanya."

"Haya. Kumekucha. Nataka kwenda kunawa uso. Napita wapi?"

"Kwenye korido hii."

"Na baba yako ako wapi saa hiyo?"

Akaniamuru niende nikawe baba yangu. Nikaitupa leso begani mithili ya taulo, nikatoka kwenye bafu ya majivu, na kabla sijapiga hatua nyingi nikawa nimesimama mbele yake katikati ya korido. Nyanya akajifunika uso kwa mtandio, akacheka hadi akauegemea mkongojo.

"Mkwe wangu na taulo! Sasa mimi nikimbilie wapi, wewe? Niruke dirisha na huu uzee?"

Tulijaribu tena. Tukaijaribu asubuhi ya kanisa, tukaijaribu siku ya wageni, siku ya mvua, siku ambayo baba ni mgonjwa na hakwenda kazini. Kila mara tulikutana palepale. Nilianza kwa aibu, mwanangu, nikaendelea kwa udadisi. Mwishowe ni mimi niliyekuwa nikimsihi nyanya turudie. Nilikuwa nimegundua jambo ambalo karatasi ilinificha. Korido ile sikuipaka rangi yoyote, maana niliihesabu kuwa si mahali, ni nafasi ya kupitia tu. Kumbe mambo yote ya nyumba ile yalikuwa yakitokea hapo pasipo na rangi.

Likizo iliyofuata nilirudi na mchoro wa pili. Nilikuwa nimeyakomesha makutano yote. Nyanya alipewa nyumba yake ndogo mwisho wa ploti, nyuma ya tangi la maji, yenye bafu yake na lango lake. Tukamwaga majivu. Akatembea kila pembe, akaniomba kigoda, akaketi katikati ya sebule yake ya majivu.

"Hapa ni kimya," akasema baadaye.

"Ndiyo, nyanya. Hakuna atakayekusumbua."

"Mtu hasumbuliwi na mtu yeyote, unamjua ni nani?"

"Nani, nyanya?"

"Ni yule ameshazikwa. Kama ni kukaa peke yangu, si niko hapa tayari? Hapa angalau malori yanapita, nasikia watu wanaenda safari zao." Akaupiga mkongojo chini. "Mimi umeniuliza mpaka ukachoka. Mama yako umemuuliza. Mwenye nyumba je?"

"Baba alisema hana neno."

"Mwanaume akisema hana neno, hapo ndipo ukae chini umsikilize. Wewe unamchora baba yako kama simba. Ati mzee apite huku, apite kule, asikuliwe. Nani alikwambia anataka kunikula?"

Nilishuka kurudi Nakuru jioni ile. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Nami nilikuwa nimeuliza, tena sana, lakini nilikuwa nimeuliza watu wanapita wapi. Sikuuliza wanatamani nini. Nilidhani mila ni ukuta, nikashinda nikitafuta upande salama wa ukuta huo. Haikunijia hata mara moja kwamba pande zote mbili huenda kuna mtu amesimama akitamani kusikika.

Jumapili baada ya ibada nilimkuta baba nje, akipiga viatu rangi. Nikaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikamwambia, "Baba, usiniambie huna neno. Nyumba ikishakwisha, mzee akishahamia, wewe unataka iwe vipi?"

Aliendelea kupiga brashi kwa muda. Alikimaliza kiatu kimoja, akakitazama, akakianza upya ingawa kilikuwa kinang'aa.

"Huyo mama alinipa mke nikiwa sina hata kitanda," akasema. "Watu walimwambia anamtupa mtoto. Hakuwasikiza. Mimi sijawahi kukaa chini nimshukuru. Namsalimia kama mtu wa kupita njia." Akakiweka kiatu chini. "Umehesabu vile hatanipata kwa korido, sawa, umehesabu vizuri. Lakini mimi nitamsalimia wapi?"

Swali hilo, mwanangu, sikulipata katika mhadhara wowote. Nililibeba nikaenda nalo chuoni, nikalilalia na kuliamkia. Watu wawili wasiotakiwa kuonana, na ambao wanataka kukaa pamoja: je, lipo umbo la mahali pao? Nilianza kuangalia majengo kwa jicho jingine. Niliwatazama wanawake wakizungumza juu ya ua, kila mmoja upande wake. Nikamtazama fundi wa viatu na mwenzake wakiwa wameegemeana mgongo kwa mgongo, wakibishana siku nzima bila kugeuka.

Mchoro wa tatu haukuwa na rangi. Ulikuwa na mapaa mawili yaliyokaribiana kiasi kwamba kikombe cha chai kingetoka chini ya moja kufika chini ya jingine bila kupoa. Kati yao paliwekwa jiko na ua wake mdogo, mahali ambapo baba, kama wanaume wa rika lake, hakuwa na desturi ya kukanyaga. Mlango wa nyanya ulifungukia hapo, ili binti yake, wajukuu na jirani aletaye maziwa wote wampitie. Njia ya baba ya kwenda bafuni na langoni ilikuwa upande wa pili. Na mbele, pale baraza ilipokata kona, niliweka mabenchi mawili ya mawe, moja kila upande wa kona. Aketiye hapa na aketiye pale wanaegemea ukuta mmoja. Kila mmoja anasikia hata pumzi ya mwenzake, na hakuna anayemwona mwenziwe.

Safari hii ukuta wa majivu haukutosha. Niliazima mlango mkuukuu uliokuwa zizini, nikausimamisha kwa magogo, nyanya akaketi huku na mimi huko. Nikakohoa kama baba.

"Mama, habari za asubuhi?"

Nilisikia mkongojo ukichora kitu ardhini.

"Mwambie baba yako," akasema, "aanze kujenga kabla ya mvua."

Nyanya alihamia Kiamunyi angali akiuona uso wa mama akiusogeza karibu. Alikuja na kigoda chake na kuku wawili waliofungwa miguu. Juma la kwanza baba alilipita benchi lake kila siku bila kuketi. Jumapili alasiri akatoka na redio, akaketi, akaizima. Mimi na mama tulikuwa jikoni tukichambua mboga, na mikono yetu ikaacha kazi yenyewe.

Baba alikohoa.

"Mama."

"Naam, baba."

Kisha baba akauliza kama Sachangwan mvua ilikuwa imenyesha. Nyanya akasema ilinyesha, akauliza ya Kiamunyi. Wakaizungumza mvua hadi ikaisha.

"Mama, kuna kitu nilikuwa nataka kusema tangu zamani. Sasa sijui nianzie wapi."

"Kaa vizuri, baba," nyanya akamjibu kutoka upande wake wa kona. "Mimi siendi mahali."

Mama aliinuka akaufunga mlango wa jiko, taratibu, ili maneno yaliyofuata yawe yao wawili.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu wa usanifu, nilikwenda Karagita na wanafunzi wangu, kutazama vyumba vya kupanga vya wafanyakazi wa mashamba ya maua. Waliona familia katika chumba kimoja, mlango wazi, wakawa tayari kuandika kwamba hapa hakuna faragha. Niliwaomba wasimame tu. Wakaona jinsi pazia la mlangoni linavyofungwa fundo likainuliwa, majirani wakapita wakiingiza vichwa kusalimu. Na jinsi linavyoachiliwa, na wale wale wakapita kana kwamba pana ukuta wa mawe. Walikaa hadi jua likawachoma, hakuna aliyetaka kuondoka. Nilifurahi kuwaona hivyo.

Basi sikiliza, mwanangu, wewe unayechora leo kwa kompyuta na kuzungusha nyumba hewani kwa kidole. Usiyagawe maisha ya watu kuwa ya pamoja na ya faragha kabla hujajua nani anatamani kuwa karibu na nani, na karibu kwa kiasi gani. Mtu huhitaji mlango wa kufunga, na huhitaji vilevile kusikia kwamba nje ya mlango huo anangojwa. Heshima si utumwa. Ukutanapo na desturi usiyoielewa, usikimbilie kuivunja, wala usiipigie magoti. Iulize inamlinda nani, na inamnyima nani nini. Na katika kila familia itakayokuita, mtafute yule asemaye hana neno. Keti naye hata kiatu kikipigwa rangi mara mbili.

Mola akupe macho ya kuona panapopitwa na wote bila kuonekana. Akupe subira ya kufuta ulichokipenda. Nyumba zitakazotoka mkononi mwako zikaliwe na watu wanaoitana kwa majina, na uzeeni mwako asikosekane wa kuketi upande wa pili wa kona, akuulize kama kwenu mvua imenyesha.