Miguu Peku ya Dada Yangu

Dada yangu alikuja kwangu Germantown, Marekani, kumwazima mama yetu. Yeye alisema amekuja kumtembelea, lakini mtu anayekuja kutembelea haulizi siku ya kwanza kama pasipoti ya anayetembelewa bado ni hai.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili, tulipokuwa bado tunapiga simu kwa kadi za kukwangua. Dada alikuwa diwani katika mji mmoja wa katikati ya Uingereza, na chama chake kilikuwa karibu kuteua mgombea ubunge. Wanachama wangekusanyika ukumbini, wawasikilize wanaoomba nafasi, kisha wapige kura. Mshindani wake mkubwa, mzaliwa wa palepale, alikuwa akizunguka mitaani na mama yake mzazi, bibi hodari wa kuoka keki. Wapiga kura walikuwa wameshakula keki nyingi. Dada naye alitaka mama wa kumkalisha mstari wa mbele.

Mama alikuwa akiishi kwangu, kwa cheo cha mgeni na kazi ya kulea wanangu. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na nyumba yangu ilikuwa imegeuka shule ya bweni. Mimi mwenye shahada mbili nilikuwa natandika kitanda kabla ya kwenda kazini, kwa sababu nikishatoka kilikuwa kinakaguliwa.

"Nikakae mbele ya Wazungu kama mtungi?" Mama aliuliza. "Nilikusomesha ufamasia. Ukaacha dawa, ukaenda kugombania mapipa ya taka."

"Mama, diwani wa kule si kama wa kwetu."

"Taka ni taka."

Basi Dada akatafuta njia ya kumlainisha. Jumuiya yetu ya Watanzania ilikuwa na sherehe katika mji wa Oxon Hill, na mwenyekiti aliposikia kuna mheshimiwa kutoka Uingereza alimfanya mgeni rasmi kabla hajauliza ni mheshimiwa wa nini. Dada aliamini kwamba Mama akimwona anaheshimiwa, atakubali kusafiri. Mimi pia niliamini hivyo, jambo ambalo lingetosha kumtia mtu yeyote wasiwasi.

Njia nzima hawakusemezana. Walisema na mimi.

"Mwambie dada yako afunge mkanda."

"Mwambie Mama nimeshafunga."

Ukumbini Mama alikalishwa meza kuu, kama desturi inavyotaka kwa mzazi wa mgeni rasmi, nyuma ya maua ya plastiki. Mimi nilipangwa karibu na jikoni, pamoja na Wakenya waliokuja kwa ajili ya pilau. Dada alisimama na hotuba nzuri aliyoiandika kwenye ndege. Hakufika mbali.

"Mheshimiwa," mwanamume mmoja aliita kutoka nyuma, "chama chako si ndicho kinachotunyima viza?"

"Mdogo wangu alikataliwa mara mbili!" mwingine akadakia. "Na picha alipiga upya!"

"Kama huwezi kutupa viza, umetuletea nini? Salamu?"

Watu walicheka, tena si kicheko cha kirafiki. Dada aliikunja hotuba. Nilimwona akifanya kile anachofanya mwanasiasa anapozama: akashika kamba aliyoizoea. Akaanza hadithi ambayo, kama nilivyojua baadaye, ilikuwa imeshawaliza Waingereza wengi kwenye mikutano ya jioni.

"Ndugu zangu, mimi mnayeniona hapa nilikwenda shule miguu peku. Mama yangu alikuwa hana uwezo wa kuninunulia viatu..."

Mama alikuwa amekaa pembeni yake, mkono ungemfikia.

Kwenye meza za katikati akainuka mwanamke mmoja, nesi, mtu mzima wa makamo.

"Samahani, mheshimiwa. Mimi nilisoma shule ya mama yako. Alinirudisha nyumbani kwa sababu viatu vyangu havikung'aa. Sasa wewe peku ulipitia geti gani?"

Ukumbi ulilipuka. Mkenya mmoja mezani kwangu aliweka kijiko chini kwa heshima. "Aki huyu amejimaliza," alisema.

Nesi akageukia meza kuu na kupiga goti kidogo. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umenenepa."

Mshereheshaji, akidhani anaokoa jahazi, aliomba makofi ya kilo kwa mama mzazi na kumpa kipaza sauti. Mama alikishika kwa ncha za vidole.

"Chakula kinapoa," alisema, akakirudisha.

Kwenye gari, Mama alianza kabla sijatoka kwenye maegesho.

"Huko Uingereza umewaambia wangapi?"

"Mama, wale wanataka kujua mtu ametoka mbali."

"Umetoka Morogoro. Si mbali?"

"Si umbali huo." Dada aliegemeza kichwa kwenye kioo. "Yule bibi wa keki alifanya kazi kiwandani. Marehemu mumewe alichimba makaa ya mawe. Mimi nisimame niseme mama yangu alikuwa mwalimu mkuu na tulikuwa na msichana wa kazi? Nani atanihurumia?"

"Unaomba kura au unaomba huruma?"

"Kwa mtu kama mimi, kule, ni foleni moja."

Mama alitazama barabara. "Kwa hiyo unamtaka mama," alisema, "ila si mimi."

Nilisema kitu kuhusu namna jamii mbalimbali zinavyoelewa umaskini. Wakaniambia ninyamaze, wote wawili, na hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yao ya pekee wiki ile.

Asubuhi, siku ya safari ya Dada, tulimkuta Mama jikoni amevaa suti yake ya kijivu ya siku za mahafali. Viatu vyake vyeusi vilikuwa juu ya gazeti, vimepakwa rangi mpaka vinakutazama.

"Nitakuja," alimwambia Dada. "Tafuta tiketi. Nitakaa mstari wa mbele. Wakiniuliza jambo, nitajibu. Kiingereza changu ni kizuri kuliko chako."

Dada aliviangalia vile viatu. Ndicho alichokuja kuomba, na kilikuwa kimewekwa mezani mbele yake.

"Safari ni ndefu, Mama," alisema. "Magoti yako."

Mama alivichukua viatu na gazeti lake, akaenda chumbani. Nilimpeleka Dada uwanja wa ndege wa Dulles peke yake, tukazungumzia hali ya hewa ya nchi mbili.

Alipopiga simu baada ya kura, mimi ndiye niliyepokea. Walikuwa wamemteua mtoto wa bibi wa keki. Simu ikiwa bado sikioni, nilimweleza Mama, aliyekuwa akisahihisha hesabu za wanangu kwa kalamu nyekundu. Hakuinua kichwa.

"Muulize dada yako, yule bibi alikuwa amevaa viatu gani."

Nikamuuliza. Dada akakata simu.