Mama Mkwe wa Kitanda cha Dirishani

Kilian alikuwa na mabega ya kubeba magunia mawili kwa mpigo, na kwa miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake bandarini Mbamba Bay. Mahindi yakipanda melini, saruji ikishuka, Kilian yumo katikati, kifua wazi, anaimba nyimbo za kwaya. Kilichomkatalia ni goti la kushoto. Lilianza kwa kulia kama mlango usiotiwa mafuta, mwisho likawa linavimba kila jioni, mpaka mkewe Dafrosa akamwambia waziwazi kwamba yeye hakuolewa na goti.

Ndipo likatoka tangazo kanisani. Kituo kimoja cha kutunza wazee na wagonjwa, huko juu Mbinga, kilikuwa kinafundisha wahudumu. Atakayefaulu angepewa kazi katika tawi jipya la Mbamba Bay, nyumbani kabisa, mkabala na ziwa.

"Mhudumu?" wenzake bandarini walicheka. "Utawafuta bibi zetu makamasi kwa mikono hiyo ya makoleo?"

"Makamasi ya kwenu nimeyazoea," alijibu Kilian, akapanda gari.

Mbinga ilimpokea kwa baridi ambayo mtu wa ziwani haijui. Darasani mwanaume alikuwa peke yake, tena mzee kuliko wote. Siku ya kwanza ya kujifunza kumhamisha mgonjwa alimnyakua babu mmoja kitandani na kumtua kwenye kiti kabla babu hajamaliza kupiga miayo. Akageuka, anangoja sifa.

"Kilian," alisema Sista Benadetha, mwalimu wao, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya upole ambayo wanafunzi waliiogopa kuliko kelele. "Huyu baba ulimwambia unampeleka wapi?"

"Kwenye kiti, Sista."

"Sikuulizi ulimpeleka wapi. Nauliza, ulimwambia?"

Babu akadakia, "Hajaniambia kitu. Nilidhani nyumba inaungua."

Darasa zima likacheka, na Kilian akajifunza. Gunia unalibeba, alisema Sista, mtu unasimama naye. Nyayo zake zikae sakafuni. Umfunge kitenge kiunoni, ushike kitenge, usimvute kwapani. Ainame mpaka pua ivuke vidole vya miguu, kisha mnasimama kwa pamoja. Na jambo ambalo Sista hakulisamehe hata siku moja: mtazame mtu usoni, ongea naye mwenyewe. Usizungumze na mwingine juu ya kichwa chake, kana kwamba yeye ni kabati.

Baada ya miezi michache wazee walikuwa wanamwita kwa jina. Aliyempenda zaidi ni Bibi Biubwa, mjane wa mwenye duka mjini, asili yake pwani, ambaye miguu ilikuwa imemwacha lakini ulimi bado anao. "Yule kuli wangu yuko wapi?" angeuliza kila asubuhi. "Hawa wasichana wananichomoa kitandani kama muhogo."

Basi ikafika siku ya mtihani wa vitendo. Kila mwanafunzi amtoe mgonjwa mmoja kitandani, amfikishe barazani, amuoshe uso kabla ya chai. Sista aligawa vitanda. Kilian akapewa kile cha dirishani, jirani na Bibi Biubwa. Mgonjwa mgeni, Sista alieleza, ameletwa jana jioni kutoka hospitali. Ameteleza shambani Mkumbi akipalilia kwenye ngolo, yale mashimo ya kulimia mteremkoni, akavunjika nyonga, ameshafanyiwa upasuaji.

Kilian alichungulia mlangoni, akarudi nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Sista, nibadilishie kitanda. Yule ni mama mkwe wangu."

Habari za nyonga alikuwa nazo. Dafrosa alimpigia simu akilia. Ila alidhani mama bado yuko hospitali. Na kwa ukoo wa kina Dafrosa, mkwe na mama mkwe ni mbali na mbali. Tangu siku ya posa hakuwahi kumtazama Mama Scholastica usoni. Alimwamkia akiwa amechuchumaa kando ya mlango, macho chini, na chakula akila nyumba nyingine. Leo amshike kiuno?

Sista, mzaliwa wa Kigonsera, hukohuko Mbinga, hakuhitaji kuelezwa mila hizo. "Huko Mbamba Bay," aliuliza, "ni nani asiye mkwe au shemeji wa mtu? Utabadilishiwa vitanda mpaka lini? Nenda ukamuulize kama anakutaka. Akikataa, nitakubadilishia. Akikubali, mtihani ni uleule."

Kilian aliingia kinyumenyume. Akachuchumaa, akaukabili ukuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba Glorious," sauti ikajibu kutoka dirishani, ikimwita kwa jina la mwanawe. Naye alikuwa ameshageuzia uso kwenye pazia.

Goti la Kilian likalia. Bibi Biubwa, aliyekuwa anaanza andazi lake, aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akaelewa, akafurahi kama aliyeletewa harusi kitandani.

"Bibi," Kilian alimwambia, "mwambie mama nimetumwa kumsaidia kuamka. Kama hataki, aseme."

"Unaambiwa, dada yangu—"

"Nimesikia, nimeumia nyonga, si masikio. Mwambie baba, wale wasichana wa jana walinishika kwapani nikamwita marehemu mume wangu. Yeye atashika wapi?"

"Kitenge tu, Bibi. Mwambie nitashika kitenge, mwili wake sitaugusa."

"Mwambie aje," alisema Mama Scholastica.

Sista alisimama mlangoni, mikono nyuma. Kilian alimwona akitikisa kichwa polepole. Kuongea kupitia mtu wa tatu: hapo tayari alama zilikuwa zinamwagika, na pamoja nazo kazi ya Mbamba Bay. Lakini shingo ilikataa kuinuka. Alisogeza kiti cha magurudumu upande wa mguu mzima, akafunga kitenge akitazama fundo tu.

"Bibi, mwambie mama asogee ukingoni. Nyayo chini. Mguu wenye maumivu utangulie mbele kidogo."

"Sogea, dada. Nyayo. Mguu mbele."

"Bibi, mwambie ainame, pua ivuke vidole. Nikisema tatu, tunasimama."

Wakasimama. Vizuri kabisa, nusu ya kwanza. Kisha mama akaukanyaga mguu mbovu, akashtuka, mwili ukaanza kurudi nyuma.

"Bibi, mwambie asi—"

Bibi Biubwa alikuwa amejaza andazi mdomoni. Alitoa macho, akapunga mikono, hakuna neno lililotoka.

"Mama!" Kilian alisema. "Mama, nitazame mimi. Usitazame chini. Hapa, usoni kwangu. Nimekushika, huendi popote. Mguu mzima, kanyaga huo. Hivyohivyo. Sasa tunageuka, mimi na wewe."

Akamtazama. Alikuwa na macho ya Dafrosa yuleyule, makubwa kidogo, na hofu ilikuwa inayatoka taratibu. Wakageuka kama watu wanaocheza muziki wa polepole, na mama akakaa kwenye kiti bila hata kuguna.

"Kumbe ndivyo ulivyo," alisema Mama Scholastica, akihema. "Miaka yote hii nakujua kwa visigino tu."

Bibi Biubwa alimeza hatimaye. "Na mimi basi nimefukuzwa kazi?"

Sista Benadetha aliingia. "Nilikuwa nimeshakufelisha, Kilian," alisema. "Mtu si kabati, nilifikiri umesahau. Lakini pale alipokuhitaji uliongea naye mwenyewe. Umefaulu. Ila kesho unamwamsha tena, na sitaki kumwona mkalimani."

"Kesho aje mapema," alisema mama mkwe. "Na uso aje nao."

Barazani jua lilikuwa limeshaanza kuipasha saruji. Kilian alimwosha uso mama kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, akiomba ruhusa kila hatua, akamweka karibu na meza. Mama Scholastica alivunja kiazi kitamu katikati, akamsogezea nusu.

"Kula, baba Glorious. Umekonda. Dafrosa anakupikia kweli?"

Kilian alikipokea kwa mikono miwili. Kula mbele ya mama mkwe! Alifikiri kidogo, akavuta kiti chake, akampa mgongo, akala akitazama mibuni. Nyuma yake alimsikia akicheka.