Udongo Wenye Risasi

Mimba ya kwanza ilinigeuza mla udongo, tena mwenye maringo. Ule unaouzwa sokoni niliudharau. Ulikuwa hauna harufu. Wangu ulikuwa nyuma ya nyumba tuliyopanga pale Maisaka, mweusi, wenye uchachu kidogo. Mvua ikinyesha tu, mate yananijaa mdomoni, natoka na kijiko. Ndiyo, kijiko. Mimi si kuku.

Kliniki, nesi aliniuliza ninautoa wapi. Nikamwambia kwa kujivuna kwamba ni pale mpangaji aliyetutangulia, fundi betri, alipokuwa akipasua betri chakavu za magari na kumwaga maji yake. Nesi akaweka kalamu chini. Akasema udongo huo una risasi, yale madini ya ndani ya betri. Yanaingia kwenye damu, yanamfikia mtoto na kumharibu ubongo. Nisionje tena.

Nilirudi nyumbani. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Dareda kuniangalia, nikamkuta uani anapukuchua mahindi. Nikamwambia tu kwamba nesi kasema udongo wa huku nyuma una risasi, nikapita ndani kulala.

Jamani, yule mama! Niliamka nikamkuta na jembe na chekeche. Kachimba mpaka karibu na msingi, kachekecha, jasho linamtoka. Jirani naye alishaulizwa ni nani aliyewahi kupiga bunduki mtaa huu. Akanikabidhi bakuli la udongo laini kama unga wa uji, anatabasamu.

"Kula, mwanangu. Nimetafuta kote, hakuna hata risasi moja."

Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Na mate, aibu yangu, yakanijaa vilevile. Kisha nikamweleza kwamba risasi hii haionekani kwenye chekeche, na anayeumia ni mtoto. Akaumwaga ule udongo, akanawa mikono mara tatu, akaketi.

"Umeula siku ngapi?"

"Mbili," nikasema.

Ilikuwa miezi miwili.

Mjukuu wake sasa ana miaka minne, mtundu, mdomo haufungi. Juzi alimhesabia bibi yake mpaka ishirini, bibi akapiga vigelegele. Mimi nilisikia ameruka kumi na saba, na siku nzima sikuwa na raha.