Sherisi Si Gundi Tu

Fundi seremala mmoja wa Tshopo, upande wa kaskazini wa mji wetu wa Kisangani, alifariki wiki iliyopita, na tulimzika siku hiyo hiyo kama ilivyo desturi ya Waislamu. Pale makaburini kijana mmoja aliyevaa suti aliniambia, kwa nia njema, kwamba neno "sherisi" nalo limezikwa pamoja na mzee. Nilimjibu kwamba amekosea. Hakunipa nafasi ya kueleza, kwa hiyo naeleza hapa, mbele yenu wasomaji wangu.

Sherisi, kwa asiyejua, ni gundi. Fundi wetu aliipata kwa samaki. Aliwaomba wanawake wauza samaki aina ya kapiteni sokoni kile kifuko cheupe cha hewa kilichomo tumboni mwa samaki, akakiosha, akakianika hadi kikakauka kama karatasi, kisha akakikatakata, akakiloweka na kukipika kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji, kwa moto mdogo. Neno lenyewe alilirithi kwa babu yake, aliyefika huku na misafara ya wafanyabiashara wa pwani ya mashariki enzi za pembe za ndovu. Watu wa pwani, nasikia, walilipata kwa Waarabu, na Waarabu kwa Waajemi, ambao tangu zamani waliunga mbao kwa gundi za mizizi na za samaki. Kamusi yangu inasema kwa ufupi kwamba sherisi ni gundi, basi. Inanikera kamusi ile.

Nilimjua mzee nikiwa mwalimu, kabla sijaanza kuishi kwa kalamu. Shule yetu ya Kabondo ilikuwa na madawati aliyoyatengeneza na baba yake, yasiyo na msumari hata mmoja. Siku alipokuja kurekebisha moja nilimcheka mbele ya wanafunzi, nikamwambia anunue kole, yaani gundi ya dukani, maana hiyo yake itayeyuka ikimwagikiwa chai. Hakukasirika.

"Mwalimu, ile kole yenu ikishashika, ni basi, hutafungua tena," alisema. "Ya kwangu inasikiaka maji ya moto. Donc mutu mwenye aliunga, anaweza pia kufungua."

Niliyaona kuwa maneno ya mtu asiyetaka maendeleo. Aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Kisha vita vikaingia mjini. Boti za kutoka Kinshasa zikakatika, kole ya dukani ikaadimika, na askari waliopiga kambi karibu nasi wakaanza kupikia madawati ya shule kama kuni. Shule ya jirani waliimaliza kwa wiki moja. Mtihani wa darasa la sita ulikuwa umekaribia, na mkurugenzi wa shule yetu alikwisha kuambiwa kwamba mtihani hautafanyika kwenye shule isiyo na madawati. Watoto wetu wangelazimika kuvuka vizuizi vya askari kwenda kufanyia mbali, au wapoteze mwaka. Mkurugenzi akanituma kwa fundi, mimi niliyemcheka.

Alikuja na masufuria. "Bon, mulete maji ya moto, mingi," alisema, bila salamu ndefu.

Tuliviringisha matambara yaliyochovywa maji ya moto kwenye maungio, na madawati niliyoyaita dhaifu yakaachia moja baada ya jingine, mbao zikiwa nzima. Kila ubao aliutia alama kwa patasi. Kila mzazi akapewa vipande vya dawati moja avifiche kwake, chini ya godoro au juu ya dari, na vingi vilisafirishwa kwa baiskeli za toleka, zile za kubebea abiria, vimefunikwa majani ya muhogo. Askari walipokuja na shoka walikuta vyumba vitupu, na fundi amesimama na sufuria yake.

"Mbao iko wapi?" mkubwa wao akauliza.

"Mbao gani, chef? Unaona mi niko na maji tu."

Kitako cha bunduki kilimvunja bega.

Wiki ya mtihani, askari wale walipokuwa wamehamishwa, wazazi walirudisha vipande. Hakukosekana hata kimoja, na miezi ile kuni zilikuwa taabu kwa kila nyumba. Hilo huwa nawaambia wanaopenda kutusimanga kwamba vita vilitugeuza wezi sote. Fundi mkono wake ulikuwa umefungwa kifuani, kwa hiyo mpishi wa sherisi nikawa mimi. Nilinuka samaki siku tatu. "Mwalimu, usiache ichemuke, itakufa," alinikaripia kila nilipochochea moto. Tuliyaunga madawati, tukayakaza kwa vipande vya mipira ya baiskeli, tukayaacha yashike.

Ndiyo maana sitaandika "gundi" pale ninapomaanisha sherisi, hata mhariri akasirike. Tuliambiwa kwamba mji uliokatwa njia zake hauna la kufanya ila kupiga magoti na kungoja msaada. Tulikataa, na tuliweza kukataa kwa sababu mtu mmoja alikuwa anaijua kazi yake na majina ya vifaa vyake, na hakuona haya kuchekwa na mwalimu. Wafundisheni watoto wenu kazi mnazozijua, na majina yake, hata kama wanawacheka. Vita vilitaka wanafunzi wetu wapoteze mwaka. Asubuhi ya mtihani waliingia, wakakaa, wakaandika.