Damu ya Wifi Yangu Ilikuwa Safi

Siku hizi nikisikia mtu anasema "majibu mazuri, mshukuru Mungu," nakunja uso. Majibu mazuri yamemtesa wifi yangu pengine kuliko ugonjwa wenyewe, na mimi nilikuwepo nikiona.

Wifi huyu, mke wa kaka yangu, mtaa mzima unamwita Mama Pacha. Ni msusi. Mimi naosha vichwa, yeye anasuka, saluni moja, na midomo yetu haina likizo. Rasta ndogondogo ambazo wengine huzisuka wawili wawili, yeye alikuwa anazimaliza peke yake, huku akimsengenya mumewe kwa mteja, na mimi dada mtu nimo humohumo nacheka.

Kisha mkono wa kushoto ukaanza kumsaliti. Akiuinua kidogo tu unalegea, unakufa ganzi. Hospitali wakasema kuta za mishipa yake mikubwa ya damu zimevimba, kwamba kinga ya mwili imegeuka inaishambulia nyumba yake yenyewe. Akaanzishiwa vidonge vya kutuliza uvimbe, na kila mwezi akawa anatolewa damu kwa vipimo viwili. Kimoja kinaangalia chembe nyekundu zinatuama kwa kasi gani ndani ya kichupa. Kingine kinapima protini ambayo ini huimwaga kwenye damu mwilini kukiwaka moto. Vikiwa juu, ugonjwa umeamka. Vikiwa chini, umelala. Ndivyo tulivyoelezwa, na kaka yangu akalishika hilo kama amri ya kumi na moja.

Vikashuka. Kaka akafurahi, daktari akafurahi, vidonge vikaanza kupunguzwa. Aliyenuna ni mwenye mkono. Akisuka mstari mmoja anaushusha, anaukanda, anaanza upya. Mwenye saluni, mwanamke aliyenyimwa huruma tangu kuumbwa, akasema kama damu ni safi basi kilichobaki ni uvivu. Kaka naye, badala ya kumtetea mkewe, akawa anamwambia aache kujitia hofu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wote hao walikuwa wanalala kwao salama.

Hata mashine ya presha ilijaribu kusema. Nesi anaifunga mkono wa kushoto, haisomi. Analaumu betri, anahamia mkono wa kulia, anaandika. Mwezi unaofuata, betri tena.

Halafu likaja jino. Vidonge vilikuwa vimemjaza mashavu, nikawa namtania kwamba hatimaye ndoa imemkubali. Kwa hiyo shavu moja lilipolizidi mwenzake hakuna aliyeshtuka. Tukasema ni vidonge. Kumbe ni usaha kwenye gego. Mwezi huo vipimo vikaruka juu na kliniki nzima ikahaha. Daktari akaongeza vidonge maradufu. Wifi akasema ni jino, mkono uko vilevile kama mwezi uliopita. Akajibiwa kwamba damu haidanganyi. Gego likang'olewa, vipimo vikashuka, na daktari akaandika kuwa dawa imefanya kazi. Nilitamani nimwekee lile gego mezani alitazame.

Mkono ukazidi kufa. Siku moja, katikati ya kichwa cha mteja, kitana kikamdondoka. Akakiokota, kikadondoka tena. Mwenye saluni akamwambia amalize kichwa hicho, kisha kiti chake kitakwenda kwa msusi mwingine mpaka atakapoacha kudeka. Wifi alikimaliza kichwa hicho akiwa amekaa, mteja chini sakafuni katikati ya magoti yake.

Kesho yake nikamsindikiza kliniki. Daktari alikuwa kijana mpole, na roho yake sina ugomvi nayo. Akasoma karatasi ya maabara, akatabasamu, akampongeza, akashika kalamu apunguze dawa.

Wifi akaulaza mkono wa kushoto juu ya ile karatasi.

"Daktari, nishike mkono."

Yule kijana akadhani mgonjwa anataka kufarijiwa. Akampigapiga kiganja kwa upole.

"Hapana. Nitafute mapigo."

Akaweka vidole kwenye kifundo cha mkono. Akavisogeza. Akabonyeza zaidi. Akauchukua mkono wa kulia, akayapata papo hapo, akarudi kushoto, na lile tabasamu likamwisha taratibu. Picha ya mishipa ilikuja kutuonyesha baadaye kwamba mshipa wa mkono ule uliendelea kusinyaa muda wote ambao damu ilikuwa inaitwa safi, na kwamba dawa mpya ingeuzuia usiendelee, lakini nguvu iliyokwenda isingerudi yote. Pale ofisini hatukuwa tumejua hayo. Tulikuwa tunamwona tu mtu mwenye elimu yake akitafuta kitu ambacho hakipo.

"Umekuwa hivi tangu lini?" akauliza.

Wifi akanigeukia. Hakuwa na machozi, alikuwa amechoka tu, na moyo uliniuma kuliko kama angelia.

"Wifi, mwambie wewe," akasema. "Mimi nimeshasema sana."